Kabureta au EFI? Ukichagua, chagua kamili



Leo nimechagua jambo la gereji. Pengine wapo watakaosema kwamba jambo hilo ni la wenye magari, na kwamba mpanda daladala halimhusu. Lakini hebu tupite mitaani kwetu tutazame. Nyuma ya nyumba nyingi kuna gari la zamani lililowekwa juu ya mawe, limefunikwa turubai, linasubiri siku ya kufufuliwa. Ndani ya gari hilo zimelazwa fedha: kiinua mgongo cha mzee, mkopo wa mwalimu, au akiba ya kijana aliyetaka kuanza biashara ya kubeba mizigo. Gari likishindwa kuondoka, fedha hizo huoza pamoja na bati lake.

Sasa, mwenye gari akishaamua kulifufua, ubishi wa kwanza anaoukuta chini ya mwembe ni huu: je, injini iwe ya kabureta, au iwe ile ya kupuliza mafuta kwa umeme, ambayo mafundi wetu huiita EFI? Hapo watu hugawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga. Upande mmoja husema kabureta ni mambo ya mababu, inakunywa mafuta kama ng'ombe anywavyo maji. Upande wa pili husema EFI ni ugonjwa wa kununua, kwamba ikikuzimia porini utalala hapo hapo. Mwenye gari husimama katikati, mkono mfukoni, akisikiliza fedha zake zikijadiliwa na watu wengine.

Mimi naona pande zote mbili zina ukweli wao. Ila hoja iliyo kubwa kuliko zote haisemwi. Nitaisema mapema, kisha nieleze sababu zake. Gari la kufufua haliangushwi na kabureta, wala haliangushwi na EFI. Linaangushwa na mfumo uliowekwa nusu.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Petroli haiwaki vizuri bila hewa ya kutosha. Ili gramu moja ya petroli iungue yote, inahitaji gramu 14.7 za hewa. Ukipiga hesabu utaona kwamba lita moja ya petroli hula hewa ya karibu mita za ujazo 9, yaani hewa yote iliyomo katika chumba kidogo cha mita mbili kwa mbili chenye dari ya mita mbili na robo. Hewa ikizidi, mchanganyiko huwa mwepesi, injini hukosa nguvu na kuchemka. Mafuta yakizidi, mchanganyiko huwa mzito, plagi huwa nyeusi na moshi hutoka nyuma. Kabureta na EFI zote mbili ziliundwa kufanya kazi hiyo moja ya kupima mafuta kulingana na hewa. Zinatofautiana katika namna ya kupima.

Kabureta hupima kwa pumzi. Pistoni ikishuka huvuta hewa, hewa hiyo hupita mahali palipobanwa kama shingo ya chupa, na ikipita hapo huongeza mwendo na kupunguza mgandamizo. Mafuta yaliyomo katika bakuli dogo pembeni hufyonzwa kupitia vijitundu viitwavyo jeti, yakachanganyika na hewa. Ndani ya bakuli kuna boya linalofunga na kufungua njia ya mafuta, sawa na boya la tangi la maji chooni. Hakuna umeme unaohitajika kwa kazi hiyo kuu. Fundi mwenye bisibisi, spana na hewa ya kupuliza anaweza kuifungua mezani, akaona kila tundu kwa macho yake.

EFI hupima kwa kuhesabu. Kuna vipimo vinavyoitwa sensa, siyo ile ya kuhesabu watu, vinavyotazama hewa inayoingia, joto la maji, joto la hewa, na mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani. Habari zote hizo hupelekwa kwa waya kwenye kontroli boksi, ambayo ndiyo ubongo. Ubongo huo huamua nozeli zifunguke kwa muda gani, na muda wenyewe ni wa sehemu chache za elfu za sekunde. Pampu ya umeme nayo hushikilia mafuta kwa nguvu ya baa 2.5 hadi 3. Pampu ya kawaida ya kabureta haifiki hata baa nusu. Naomba mkumbuke tofauti hiyo ya nguvu, maana nitairudia tukifika kwenye habari ya moto.

Wapo wanaodhani EFI ni jambo la juzi lililokuja na magari ya mitumba kutoka Japani. Historia inasema vingine, na sehemu ya historia hiyo imeandikwa katika vumbi la hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, dereva Bert Shankland wa Tanzania alishinda mashindano ya Safari akiendesha Peugeot 404 ya kupuliza mafuta. Kipulizio chake hakikuwa cha umeme, kilikuwa pampu ya chuma inayozungushwa na injini, lakini mafuta yalipulizwa, hayakufyonzwa. Mwaka 1974 Joginder Singh wa Kenya akashinda na Mitsubishi Lancer ya kabureta mbili. Mwaka uliofuata, 1975, Ove Andersson wa Sweden akashinda na Peugeot 504 ya kupuliza. Mwaka 1976 Joginder akarudi na Lancer yake na kushinda tena. Kisha Shekhar Mehta, naye wa Kenya, akashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na gari zake za Datsun zilikuwa za kabureta.

Tunajifunza nini hapo? Barabara ni zile zile, vumbi ni lile lile, tope ni lile lile, na ushindi ulikwenda huku na ukarudi kule. Kilichokuwa sawa kwa washindi wote ni kwamba gari lilikuwa kamili, mafundi wake waliujua mfumo wao, na spea zake zilikuwa ndani ya gari la huduma. Hakuna aliyeshinda Safari na injini iliyofungwa kwa kubahatisha.

Na upande wa pili wa historia nao upo. Mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa magari machache yenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme uliotengenezwa na Bendix. Wazo lilikuwa zuri, lakini vifaa vya umeme vya wakati ule havikuweza kuhimili joto na mitikisiko. Mengi ya magari hayo yalirudishiwa kabureta. Hivyo upya wa kitu peke yake haukutoshi. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Tuje kwenye hoja za mafundi wetu. Katika miaka ya tisini, fundi aliyemwambia mteja wake aikimbie EFI alikuwa na sababu za maana. Petroli yetu wakati ule ilikuwa na risasi, na risasi huua sensa ile ya kwenye ekzosi inayopima oksijeni. Sababu hiyo imeondoka. Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar kuacha petroli yenye risasi, na ilipoingia Januari 2006 petroli hiyo ilikuwa imeondolewa katika eneo hilo. Sababu ya pili ilikuwa mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Hapa Tanzania uchakachuaji huo ndio uliofanya serikali ianze mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochezewa yatambulike. Mafuta machafu huziba jeti za kabureta sawasawa na yanavyoziba nozeli, kwa hiyo hapo hakuna mshindi. Dawa yake ni chujio zuri na kituo unachokiamini.

EFI ina sifa moja ambayo msafiri wa nchi yetu huiona kwa macho, nayo ni milima. Gari lililotegeshwa vizuri Dar es Salaam, usawa wa bahari, likipanda Kitonga na kufika Iringa limepanda zaidi ya mita 1,500. Huko juu hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14. Injini yoyote itapungua nguvu, iwe ya kabureta au ya EFI, kwa sababu hewa yenyewe imepungua. Lakini kabureta haijui kwamba imepanda mlima. Jeti zake ni zile zile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito, injini inaguguma, na mafuta mengine yanatoka bila kuungua. EFI huona kwamba hewa imepungua na kupunguza mafuta yenyewe. Wakati wa kuteremka, dereva akiwa kwenye gia na mguu ameutoa kwenye mafuta, EFI hufunga nozeli kabisa mpaka mwendo wa injini ushuke. Na hapa niwakumbushe madereva wanaoteremka mlima kwa kuweka gia huru ili waokoe mafuta: kwenye gari la EFI hawaokoi kitu, na wameipoteza breki ya injini wanayoihitaji zaidi.

Kabureta nayo ina sifa yake kubwa, ambayo ni namna inavyougua. Kabureta huugua polepole. Wiki hii inasumbua kuwaka asubuhi, wiki ijayo inakunywa mafuta, mwezi ujao inaguguma. Inakupa muda wa kujiandaa, na mara nyingi hata ikiwa mgonjwa inakufikisha nyumbani. EFI ina namna mbili za kuugua. Sensa ikifa, mara nyingi gari huendelea kwa kuchechemea. Lakini pampu ikikata, au waya wa kontroli boksi ukikatika, gari huzimika hapo hapo kama taa. Mwenye EFI asiye na fyuzi za akiba na rilei ya pampu ndani ya gari lake amejitakia mwenyewe.

Sasa tuchukue mfano mmoja, ili maneno yasiwe ya hewani. Tuseme kijana amerithi Toyota Corolla DX ya mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile ya kusukuma nyuma, yenye injini ya 4K ya cc 1,290 na kabureta yake. Bodi bado ni nzima. Injini imechoka. Anataka gari la kwenda kazini kila siku, na mwisho wa mwezi aende kuwaona wazazi mkoani. Mafundi wamempa njia mbili. Ya kwanza ni kuifumua 4K na kuifanyia matengenezo, pamoja na kabureta. Ya pili ni kuitoa na kuweka 7K-E ya cc 1,781, iliyotoka katika TownAce. Hiyo ni ya ukoo ule ule wa K, na herufi E ya mwisho ndiyo inayokuambia kwamba inapuliza mafuta kwa umeme.

Kabla ya yote, kijana huyu aanze na kipimo ambacho hakigombaniwi na kundi lolote. Apimiwe kompresheni ya kila silinda. Kama ringi zimekwisha au vali hazifungi, hakuna kabureta wala EFI itakayomponya. Watu wengi wamenunua kabureta tatu kwa ugonjwa uliokuwa kwenye gasketi. Baada ya kompresheni aangalie taimingi, koili, waya za plagi, na mipira ya upepo iliyopasuka inayoingiza hewa ya wizi. Mara nyingi kinacholaumiwa kuwa ni kabureta ni mpira mmoja uliochanika.

Tuseme kompresheni ni mbaya, na matengenezo yanahitajika kweli. Akichagua njia ya kwanza, asiseme tu "nisafishie kabureta". Kuisafisha kwa petroli na kuirudisha ni kuahirisha tatizo. Afungue yote, abadilishe gasketi zake, sindano ya boya na kiti chake, na diafragmu ya pampu ndogo inayotia mafuta unapokanyaga ghafla. Kisha ashike ule mhimili unaozungusha kipepeo cha hewa na kuutikisa. Ukicheza sana, hewa inapita pembeni, na kabureta hiyo haitatulia hata ikipewa fundi wa aina gani. Hapo atafute nyingine nzima. Zipo mpya za kuiga, bei yake ni ya kuvutia, lakini nyingi jeti zake hazikupangwa kwa injini yako, kwa hiyo asilipe kabla ya kuiona ikifanya kazi kwenye gari. Aondoe tenki, alioshe kutu, abadilishe mipira yote na chujio. Akifanya hivyo, ana gari ambalo fundi yeyote wa Tunduma au Tanga atalielewa.

Akichagua njia ya pili, orodha yake ni ndefu zaidi, na hapa ndipo wengi huangukia. Anahitaji injini, na anahitaji nyaya zake zote bila kukatwa hata moja. Anahitaji kontroli boksi iliyotoka kwenye gari lile lile. Anahitaji sensa zote zikiwa mahali pake, pampu ya umeme ya nguvu, rilei zake, chujio la chuma la mafuta, mipira iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya nguvu, na njia ya kuyarudisha tenkini mafuta yasiyotumika. Anahitaji apime nafasi chini ya boneti kabla hajatoa hela, kwa sababu 7K ni injini kubwa kuliko 4K. Ataangalia alteneta na betri, maana EFI bila umeme mzuri ni kama redio bila betri. Na tenki la DX halikujengwa kwa pampu ya EFI. Mafuta yakiwa kidogo na gari likikata kona, mafuta hukimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa na injini inakata. Suluhisho ni kuweka tenki dogo la kati linalobaki limejaa siku zote. Muuzaji wa Gerezani au Ilala atakuuzia injini peke yake kwa bei nzuri, na ni haki yake. Lakini injini ya EFI isiyo na nyaya na ubongo wake ni chuma cha kupimia mizani.

Sasa nirudi kwenye ile habari ya moto, ambayo niliwaomba mwikumbuke. Kabureta ikivuja, mafuta hudondoka. EFI ikivuja, mafuta huruka kama mvuke wa dawa ya mbu, na pembeni yake kuna ekzosi iliyo moto. Mpira wa zamani wa kabureta, uliobanwa kwa waya, hauwezi kuhimili nguvu ya EFI. Kuna jambo baya zaidi. Kiwandani, pampu ya EFI huwekewa ulinzi unaoikata injini inapozimika, hata kama swichi bado iko wazi. Fundi mwenye haraka huona ulinzi huo unamsumbua, akaipitishia pampu waya moja kwa moja kutoka kwenye swichi. Gari linawaka, mteja anafurahi. Siku gari hilo likipata ajali na mpira wa mafuta ukakatika, injini itazimika lakini pampu itaendelea kumwaga petroli mpaka mtu azime swichi. Huenda aliye ndani wakati huo hawezi hata kuinua mkono. Ndugu wasikilizaji, hapo hatuzungumzii tena unywaji wa mafuta. Tunazungumzia watoto wanaokaa kiti cha nyuma.

Kuna nusu nyingine iliyoenea zaidi, nayo ni ya kurudi nyuma. Gari lina EFI yake ya kiwandani, sensa moja imekufa, fundi hakuipata, akashauri iondolewe yote na kuwekwa kabureta. Katika magari mengi ile kontroli boksi hufanya kazi zaidi ya kupima mafuta. Hupanga pia wakati wa cheche za plagi, na hutunza mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, na kwa baadhi ya magari hushirikiana na giaboksi ya otomatiki. Ukiiondoa bila kupanga njia nyingine ya kufanya kazi hizo, injini itawaka lakini itakuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini na kuambiwa akimbie. Halafu zile nyaya zilizokatwa hazirudi tena, na gari ambalo lingepona kwa sensa moja limekuwa kilema wa kudumu.

Mafundi wetu wa chini ya mwembe ni watu hodari, na nchi hii imetembea kwa mikono yao. Lakini ufundi wa EFI huanza kwa kusoma kabla ya kushika spana. Katika Toyota nyingi za miaka ya tisini hata mashine haihitajiki. Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo cha uchunguzi, ndani yake kuna matundu yenye alama TE1 na E1. Ukiyaunganisha kwa kipande cha waya na kufungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kukonyeza, na idadi ya mikonyezo ni namba ya kosa. Fundi anayejua hilo hatabadilisha vitu vitano ili akipate kimoja. Kwa hiyo mwulize fundi wako, kwa heshima: "Fundi, kosa la gari hili unalisomaje?" Akikujibu kwa maelezo, kaa naye. Akikujibu kwamba tutajaribu hiki halafu tutajaribu kile, ujue majaribio hayo ni kwa fedha zako.

Basi, kijana wetu wa DX afanye uamuzi gani? Mimi ningemwambia ajiulize maswali manne, na ayajibu kwa kweli bila kuwaza sifa za vijana wenzake.

La kwanza: gari hili ni la kazi gani? Kama ni la Jumapili na la kuingia mjini mara moja moja, kabureta nzima inamtosha, na fedha inayobaki ainunulie breki na matairi. Kama ni la kila siku na la safari za milimani, EFI itamrudishia gharama yake polepole kwenye mafuta.

La pili: je, nimeliona gari zima ambalo vitu vyote vitatoka? Kama injini iko duka hili, nyaya ziko kwa rafiki, na kontroli boksi "itapatikana", jibu ni kabureta. Neno hilo "itapatikana" ndilo lililoyaweka magari mengi juu ya mawe.

La tatu: nani atakayelitengeneza nikiwa mbali na huyu fundi wa leo? Fundi mmoja tu mjini akiwa ndiye anayejua nyaya zako zimepita wapi, basi gari hilo ni lake kuliko lako. Adai mchoro wa nyaya, hata kama umechorwa kwa kalamu ya risasi kwenye daftari la shule, na aufunge ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kiti.

La nne: fedha niliyonayo inatosha kufika mwisho? Aandike orodha yote, aitafutie bei, kisha aongeze fungu la yasiyotegemewa, kwa kuwa gari la zamani halikosi ya kwake. Kama haitoshi EFI kamili lakini inatosha kabureta kamili, hapo hakuna ubishi tena. Mshika mawili moja humponyoka, na mwenye nusu ya EFI hana hata hilo moja.

Kuna jambo moja la karatasi ambalo husahaulika. Injini mpya ina namba yake, na kadi ya gari ina namba ya injini ya zamani. Dai risiti na karatasi za injini unapoinunua, ili usije ukaambiwa umenunua mali ya wizi, kisha nenda TRA ukaeleze mabadiliko hayo, na uwaarifu watu wa bima. Usingoje siku ya ajali ndipo ugundue kwamba gari lililokatiwa bima na gari lililopata ajali haviendani katika maandishi.

Kwa kijana wetu, kwa kuwa anataka gari la kila siku na la safari ndefu, mimi ningependa aende kwa 7K-E, ila kwa sharti moja. Aikute TownAce nzima, injini ikinguruma mbele yake, na aitoe na vyote vilivyomo. Asipoikuta hivyo, aifumue 4K yake na kabureta yake, asafiri nayo kwa fahari, akijua kwamba akipanda Kitonga itaguguma kidogo na akishuka itatulia. Gari la kabureta linalofika Iringa ni bora kuliko gari la EFI lililobaki Tabata juu ya mawe.

Ndugu wasikilizaji, kwa leo nakomea hapo. Mwenye gari nyuma ya nyumba, jioni ya leo chukua kalamu na karatasi, toa turubai, uandike orodha yako kabla ya kumwita fundi.